Nilivyohamisha Tetemeko Kutoka Bondeni Kwenda Kilimani

Mkipita nyuma ya nyumba yangu hapa Butembo mtanikuta nimeinama kwenye maharage, kitambaa kichwani, na hamtadhani kwamba kwa miaka mingi nilikula kwa kuuliza watu habari za sufuria zao. Ndiyo kazi niliyofanya. Tetemeko likipita, wengine walikimbilia nje, wengine walikimbilia kanisani. Mimi nilikimbilia fomu.

Ninyi vijana mnaoingia kazini sasa mnazika shimoni mashine ndogo ya kupimia mtikisiko, mnarudi bureau, ofisini, na kompyuta inawachorea ramani yenye rangi zake. Vizuri sana. Wivu sina, au labda kidogo tu, miguu ikiniuma. Sisi tulikuwa na mashine moja, iko Beni, na mara nyingi ilikuwa inangoja betri. Basi mashine zetu zilikuwa watu. Ardhi ikitikisika tuligawana mitaa, tukabisha hodi mlango kwa mlango: ulikuwa wapi, ulisikia nini, nini kilianguka, ukuta gani umepasuka. Kila mtaa tukaupa rangi. Njano, umetikiswa kidogo. Machungwa, umetikiswa vya kutosha. Nyekundu, umetikiswa vibaya. Matetemeko mengi yakishapita, rangi zikirundikana, unaanza kuona mahali ambapo ardhi ina tabia ya kurukaruka, na hapo unamwambia mwenye kujenga: hapa usipandishe ukuta mrefu bila kuufunga.

Nilianza vibaya. Mara yangu ya kwanza nilitumwa sokoni Kirumba, nikamwuliza mama mmoja muuza vitunguu, "Mama, uliogopa?" Akaweka vitunguu chini, akashika kichwa. "Niliogopa? Mama, nilifikiri ni Yesu anarudia, na nguo yangu ya kanisa iko mu maji!" Nikamwandikia nyekundu. Nikawauliza wenzake, wote waliogopa sana. Nikarudi na Kirumba nzima nyekundu kama nyanya.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa ingénieur Ilunga, mtu mnene, mpole, aliyeletwa na serikali kutoka Katanga, na hakuwahi kuzoea baridi ya Butembo. Alivaa makoti mawili hata saa sita mchana. Alisoma fomu zangu moja baada ya nyingine, halafu akaniuliza, "Huyu mama wa vitunguu, nini ilianguka mu nyumba yake?"

"Hakuna."

"Na huyu?"

"Hakuna."

"Bon. Woga ya mutu iko ya mutu, hapana ya udongo. We uliza sufuria. Sufuria haina Yesu, haina bamukwe, inaanguka ao haianguki."

Tangu siku ile niliuliza sufuria. Halafu nikajifunza kwa aibu kwamba hata sufuria inaweza kukudanganya. Mzee mmoja wa Kayna aliniambia vyombo vyote vimemwagika chini, nikaandika haraka, nikafurahi. Nilipoinuka kuondoka niliegemea etajeri yake, rafu ya vyombo, na vyombo vyote vikamwagika chini tena. Ilikuwa na miguu mitatu. Basi andikeni hilo: uliza sufuria, halafu tikisa etajeri.

Somo kubwa la Ilunga lilikuwa la chakula. Aliweka tofari moja juu ya meza, na pembeni yake sahani ya fufu, ugali wetu wa muhogo, ya moto, iliyopikwa laini. Juu ya tofari akasimamisha kiberiti, juu ya fufu akasimamisha kingine. Akapiga meza kwa ngumi. Kiberiti cha juu ya tofari kilisimama. Kile cha juu ya fufu kiliyumba, kikalala. "Ngumi ni moja," akasema. "Kilima yenye jiwe njo tofari. Bonde yenye matope njo fufu. Batu ba Butembo banajaza matope udongo mwekundu, banashindilia, banasema sasa ni kiwanja. Hapana. Ni fufu yenye kuvaa koti." Halafu tukaila ile fufu, kwa sababu alikuwa hapendi kutupa chakula.

Nimewaeleza hayo ili mjue kwamba nilipokosea, sikukosea kwa kutojua. Nilikosea nikiwa mtu mzima, mwenye kazi yake, mwenye kuwafundisha wengine.

Mwaka ule tulikuwa tumechora ramani mpya ya mji. Katika karatasi ya kupitisha mwanga tulizungushia kila mtaa duara na namba, majina tukayaweka kwenye daftari. Meza yetu ilikuwa kubwa, watu wawili walipaka rangi wakikaa pande mbili zinazotazamana. Nilimaliza, ramani ikapigwa nakala, nakala zikabandikwa kwenye bureau za mitaa, na barua zikatumwa kwa shule na makanisa yaliyotuuliza kuhusu viwanja vyao. Nilizitia sahihi mwenyewe, kwa kalamu nzuri.

Miezi kama minane ikapita. Asubuhi moja mlango wa bureau ukasukumwa, akaingia mzee mrefu ana mwavuli, kofia na hasira. Hakukaa.

"Njo weye mama mwenye kupaka nyumba za batu rangi?"

"Ndiyo, papa. Karibu. Jina?"

"Kasereka. Niko fundi ya meza na vitanda. Nyumba yangu umeipaka rouge."

Nikamwambia kwa upole kwamba si nyumba yake iliyopakwa nyekundu, ni mtaa wake, na kwamba rangi haimaanishi ubaya wa mtu. Akanitazama kama ninavyotazama mbuzi kwenye maharage.

"Mama, niko na binti, Masika. Bwana arusi iko wa Beni. Mujomba yake iko mwalimu, anajua kusoma carte. Alikuya hapa, akaona carte yako ku bureau, akarudia. Sasa banasema bazee babo hapana kwenda kuikala mu nyumba ya rouge, paa itabaangukia. Arusi imesimama. Mutoto analia. Bibi yangu anasema ni mie nilichagua kiwanja."

Mwenzangu aliyekuwa pembeni alijifanya anatafuta kitu chini ya meza. Mimi nilijibana nisicheke. Nikaanza kumweleza mambo ya fufu na tofari, naye akaninyamazisha kwa mkono.

"Matope? Mie niko mu matope? Mama, choo yangu, bachimbaji batatu balikimbia. Watatu! Wa ine njo alimaliza, na mutaimbo, mwezi muzima. Jiwe tupu. Kuya uone kama hapana kunisadiki."

Kicheko kikaniishia. Kwa kazi yetu hakuna mtu anayejua chini ya mji kama mchimba choo. Mtaa mwekundu ni mtaa ambao choo kinachimbwa kabla ya chai ya saa nne na maji yanaingia jioni. Mtaimbo na mwezi mzima havikai pamoja na rangi nyekundu.

Nilipanda pikipiki nyuma yake, tukapanda kilima. Nyumba ya muzee Kasereka ilikuwa na kuta nyoofu, hata ufa wa kupitisha wembe sikuuona. Sebuleni kulikuwa na kabati alilolichonga mwenyewe, glasi za arusi yake zimepangwa ndani. Nikalitikisa. Halikuyumba.

"Tetemeko ile ya mwisho, glasi zilianguka?"

"Zililia tu. Ting, ting. Bibi yangu alizishika na mukono."

Nikachukua simu nikampigia mwenzangu bureau, nikamwomba afungue daftari. "Mtaa wa muzee Kasereka ni namba ngapi?"

"Sita."

"Na fomu za sita zinasema nini?"

Nikasikia karatasi. "Njano. Zote njano, mama."

Nilikaa kwenye kiti cha muzee bila kukaribishwa. Nilijua tayari. Niliiona meza ile kubwa, karatasi ile inayopitisha mwanga, na mimi nimekaa upande wa juu nikipaka rangi kichwa chini. Sita ukiitazama kutoka upande ule ni tisa. Mtaa wa sita, wa kilimani, nilikuwa nimeupa rangi ya mtaa wa tisa. Na mtaa wa tisa, ulioko bondeni karibu na mto Kimemi, nilikuwa nimeupaka njano.

"Mama, uko na ugonjwa?" muzee akauliza. Mkewe aliniletea maji.

"Papa, umesema kweli. Nyumba yako ni nzuri. Ni mimi niligeuza ramani."

Alianza kutabasamu, akafungua mikono kama mtu anayetaka kuniombea baraka. Halafu akaona uso wangu.

"Na ile rouge ilikuwa ya nani?"

"Ya shule," nikasema.

Mtaa wa tisa kulikuwa na shule ya msingi ya kanisa. Walikuwa wametuandikia wakiuliza kama kiwanja chao kinafaa kuongezewa madarasa, na mimi niliwajibu kwa kalamu yangu nzuri kwamba ardhi ni nzuri, wajenge. Walikuwa wamejenga. Niliyaona madarasa hayo kila Jumapili nikienda kanisani: kuta za matofali, na pande zote mbili pignon, ile pembetatu ya matofali inayopanda mpaka ncha ya paa. Zilikuwa ndefu, zimesimama zenyewe, hazijafungwa na chochote. Chini ya moja ndipo walipokaa watoto wa darasa la kwanza.

Muzee Kasereka alichukua mwavuli wake, akanifungulia mlango. "Basi niache mie mu rouge kwanza," akasema. "Kimbia kule."

Sikukimbilia kule. Nilikimbilia kwa Ilunga, nikitumaini kwamba yeye, mwenye cheo na makoti mawili, ataenda kusema badala yangu. Nilimweleza yote nimesimama. Alisikiliza, akachukua ramani, akaigeuza kichwa chini, akairudisha sawa. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Mie pia nilitia sahihi ile carte," akasema. "Sikuangalia. Bon, twende. Nitaenda na weye, lakini kinywa itakuwa ya weye."

Tulikuta kamati ya shule imekutana darasani: mchungaji, directrice, yaani mwalimu mkuu, anayeitwa mama Kavira, wazazi wachache, na fundi Kambale aliyejenga zile kuta. Fundi Kambale alikuwa mtu wa kujivunia kazi yake. Juu ya pignon alikuwa ametoboa msalaba kwa matofali, mwanga ukipita unaangukia ubao. Ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo.

Nikasema. Nilisema nilikosea, nikasema nilivyokosea, nikaonyesha sita na tisa. Halafu fundi Kambale akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mama Kahindo, na leo, umeishika carte kichwa juu ao kichwa chini?"

Walicheka mpaka mchungaji akafuta macho. Ilunga naye alicheka, msaliti yule. Mama Kavira peke yake hakucheka. Aliweka barua yangu mezani.

"Juzi uliandika ardhi ni nzuri. Leo unasema ni mbaya. Kesho utasema nini? Nitaambia bazazi babomoe kazi ya mikono yabo juu ya namba yenye kugeuka?"

Hakuwa na kosa. Vijana, siku mtakapokosea, mtaona kwamba kukiri ni nusu tu ya njia. Nusu ya pili ni kwamba hakuna tena sababu ya watu kukuamini, na huwezi kuidai. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kitaalamu. Nikayaacha.

"Mama directrice, mimi msiniulize. Muulizeni udongo. Nipeni jembe."

Tukatoka wote uani. Fundi Kambale mwenyewe ndiye aliyenyang'anya jembe mkononi mwangu, nadhani ili amalize upuuzi wangu haraka. Akachimba hatua moja kutoka ukuta wake. Udongo mwekundu ulioshindiliwa, mgumu, akanitazama kwa ushindi. Akachimba tena. Mwekundu ukaisha, ukaja mweusi, una mizizi ya matete, ndani yake kipande cha kandambili. Akaacha jembe, akachukua chuma cha ujenzi kirefu kama mtu, akakisimamisha shimoni na kukisukuma kwa mikono tu, bila nyundo. Kikaingia. Akasukuma tena, kikaingia kama kisu kwenye siagi, mpaka mikono yake ikagusa chini. Maji yakaanza kujikusanya kuzunguka chuma.

Fundi Kambale alibaki amepiga magoti, ameshika ncha ya chuma chake, akiutazama ule msalaba juu.

"Nilijenga juu ya fufu," akasema. Nilishangaa, kwa sababu hakuwahi kusikia lile somo la Ilunga. Labda kila mtu akiona matope yale anafikiria chakula.

"Umejenga vizuri," Ilunga akamwambia. "Mie na mama njo tulikuonyesha fasi mubaya ya kujenga."

Siku ileile mama Kavira aliwahamishia watoto kanisani, wakasomea kwenye viti virefu, darasa la kwanza mbele, la sita nyuma. Jumamosi wazazi walikuja kushusha pignon. Fundi Kambale alikataa mtu mwingine asiguse ule msalaba, akautoa tofari kwa tofari, na wazazi walisimama mstari wakipokezana, wanaimba nyimbo za kwaya kwa Kinande, mimi katikati yao na mikono imechubuka. Chini ya paa alizungusha chaînage, mkanda wa béton, yaani zege, wenye vyuma ndani unaozishika kuta zote nne pamoja kama mkanda wa suruali. Mahali pa pembetatu za matofali akaweka mbao za mkaratusi, nyepesi. Na kwenye mbao akatoboa msalaba tena. Huyo ndiye fundi.

Muzee Kasereka hakunisahau. Shule ilipotengemaa alirudi bureau, safari hii akakaa. Alitaka niende Beni mwenyewe, kwa kinywa changu, kwa yule mjomba. "Carte ilisema vibaya ku macho ya batu, na weye utasema vizuri ku macho ya batu." Basi nikaenda naye. Mnajua Beni, joto lake, kakao zimeanikwa kwenye maturubai kando ya barabara, harufu yake inakuingia mpaka kwenye nguo. Mwalimu Dieudonné, ndiye mjomba, alitupokea barazani mbele ya wazee kumi, akavaa miwani, akasoma ramani mpya kutoka kona hadi kona.

"Mama," akasema, "ungekuwa mwanafunzi wangu, ungerudia mwaka."

"Ndiyo, mwalimu."

"Lakini umekuya kusema. Iyo nitakupatia nusu ya points." Wazee wakapiga makofi. Halafu akainama kidogo, sauti chini. "Na nyumba yangu hii, iko rangi gani?"

"Mwalimu, choo chako kilichimbwa siku ngapi?"

Akafikiri. "Siku? Asubuhi tu. Mbele ya saa sita balikuwa bamemaliza, lakini maji ilikuwa inawasumbua."

Nikaikunja ramani taratibu. Muzee Kasereka akakohoa, akasema taratibu, "Basi, bakwe zangu, arusi tufanyie kwangu." Baraza zima likavunjika kwa kicheko, na mwalimu akacheka kuliko wote. Kabla ya kuondoka nilimzungukia nyumba, nikamwonyesha pembe mbili za kuziimarisha, naye akaandika kila neno.

Arusi ilifanyika kilimani. Nilikula kuku, nikacheza. Ningependa kuwaambia hadithi iliishia hapo.

Tetemeko lilikuja siku ya kazi, katikati ya asubuhi, shule zote zimejaa. Nilikuwa bureau. Kwanza mlio chini kama lori kubwa linalopita, halafu dirisha likaanza kugonga, kalamu zikatembea mezani. Ilunga alishikilia kabati la fomu kwa mikono miwili. Lilikwisha. Nilichukua fomu, nikapanda pikipiki ya kwanza niliyoiona, nikamwambia dereva bondeni, shuleni, na asinionyeshe breki.

Njiani niliona watu wamejaa nje, wengine wanacheka kwa sauti kubwa kama wanavyocheka watu walioogopa. Karibu na shule kulikuwa na depo mpya ya mfanyabiashara, matofali na pignon ndefu. Pignon ilikuwa imelala yote barabarani, vumbi bado linapanda. Mlinzi wake amesimama pembeni, mzima, ameshika thermos, anasema tu, "Nilienda kukojoa. Nilienda kukojoa."

Sikumbuki nilivyofika kwenye lango. Watoto walikuwa uani wamepangwa mistari kwa madarasa, mama Kavira anawahesabu kwa kidole, midomo inatembea. Alinyanyua mkono nisimkatize. Alimaliza, akarudia kutoka mwanzo, akamaliza tena. Halafu akaniambia, "Bote."

Nilizunguka jengo. Kona moja ya ukuta ilikuwa na ufa wa kuingiza kidole. Chaînage ilikuwa nzima. Mbao zilikuwa juu, msalaba juu.

Mtu wa kazi anafanya kazi. Nilikaa kwenye jiwe, nikatoa fomu na kumwita mtoto wa mbele katika mstari wa darasa la kwanza, msichana mwenye sare iliyomzidi.

"Jina?"

"Kanyere."

"Ulikuwa wapi?"

"Mu classe."

"Ulisikia nini?"

"Mabati ililia kama mvula mingi. Madame akasema chini ya banc, tukaingia chini ya kiti."

Kalamu yangu ilikuwa kwenye mstari wa vitu vilivyoanguka. "Sasa, Kanyere, fikiri vizuri. Mu classe yenu nini ilianguka?"

Alifikiri kweli, jicho moja amelifumba.

"Craie."

"Chaki. Na nini tena?"

"Hakuna."

"Chaki ngapi?"

"Tatu," akasema. "Moja ilivunjika."

Nikaandika hivyohivyo, kwa mwandiko wangu bora, na herufi zote zilisimama wima: chaki tatu, moja ilivunjika.